Mcheza kwao hutunzwa: hotuba kwa wazazi kabla ya msimu wa muziki

Hotuba hii ilitolewa na afisa wa mawasiliano wa kaunti mbele ya wazazi wa watoto wa chekechea na shule za msingi mjini Malindi, mwanzoni mwa muhula wa pili. Tunaichapisha kwa ombi la wazazi waliohudhuria.

 

Wengi wenu mnanijua kama yule kijana wa kamera. Zahanati ikifunguliwa, niko. Wakulima wakigawiwa mbegu, niko. Bomba la maji likifika kijijini, niko nimepiga goti kwenye tope nikitafuta pembe nzuri ya picha. Leo nimeombwa nikae upande huu wa kipaza sauti, na sikuombwa kama afisa. Mwalimu aliyenialika aliniambia, "Njoo uwaeleze wazazi yale yaliyokupata mwaka jana." Kwa hivyo nimekuja kama baba wa mtoto mmoja wa miaka minane. Yaliyonipata yana aibu kidogo ndani yake, lakini nadhani yatawafaa, maana msimu wa mashindano ya muziki ndio huo umeingia na watoto wetu wameanza mazoezi.

Nianze na kayamba. Hapa hakuna asiyeijua, lakini nataka tuitazame tena kana kwamba hatujawahi kuiona. Ni matete yaliyokatwa sawasawa, yakapangwa na kufungwa kwa kamba mpaka yakawa kama kisanduku kilicho bapa, na ndani mna mbegu kavu. Mpigaji huishika kwa viganja viwili na kuilaza huku na huku, na mbegu zinapoteleza kutoka upande mmoja hadi mwingine ndipo sauti hutoka. Vidole gumba navyo hugonga juu ya matete na kuongeza mapigo. Ukiiona kwa mbali utasema ni kazi nyepesi, kitu cha kutikisa tu. Mimi nilifikiri hivyo kwa zaidi ya miaka thelathini, na mamangu mzazi ni mpiga kayamba.

Mama yangu anaishi Marafa, kule Magarini. Sisi tunaishi hapa mjini. Mwaka jana binti yetu alipoingia Gredi ya 2, tulianza kumpeleka kwa nyanyake kila baada ya Jumamosi moja. Yeye humwita Hawe, kama watoto wa Kigiriama wanavyowaita nyanya zao. Wakati huo mimi nilikuwa na mpango wangu. Nilikuwa nimemnunulia kinanda cha plastiki chenye betri, kile ambacho ukibonyeza kidude kimoja kinapiga wimbo mzima chenyewe. Nilijiona mzazi wa kisasa. Mtoto alikibonyeza siku mbili, siku ya tatu kikaingia chini ya kitanda, na mpaka leo kiko huko. Baadaye nilielewa sababu. Kile kinanda kilikuwa kinajua kila kitu, hivyo mtoto hakuachiwa lolote la kufanya.

Kayamba ya Hawe ilikuwa imetundikwa ukutani. Mtoto aliitaka tangu siku ya kwanza. Hawe hakumpa. Alimpa ungo wenye mahindi, akamwambia wapepete pamoja na asikilize. Nilikuwa nimekaa chini ya mwembe na kipakatalishi changu, nikiandika taarifa kwa vyombo vya habari, na nikafikiri mama ameamua kumpa mjukuu kazi za nyumbani. Jumamosi ya pili ikawa vivyo hivyo: ungo na kupiga makofi. Ya tatu ndipo kayamba ikashushwa. Nilisikia mama akisema maneno ambayo nimeyabeba tangu siku hiyo: "Usiitikise kama mtu anayefukuza kuku. Ziache mbegu zifike, ndipo uzirudishe."

Kwa majuma mengi nilichosikia kutoka kule uani kilikuwa vurugu tupu. Siwafichi, kuna wakati nilitamani mtoto achoke. Tena, wazazi wenzangu, tuseme ukweli: kumsikiliza mtoto anayejifunza muziki ni kazi. Anarudia pale pale, anakosea pale pale, anaacha katikati na kwenda kunywa maji, anarudi na kuanza mwanzo. Wewe una ripoti ya kumaliza. Lakini Jumamosi moja niliinua kichwa kwa sababu sauti ilikuwa imetulia. Mapigo yalikuwa yanakuja sawa, kama mtu anayetembea bila haraka. Nikadhani ni mama anapiga. Nilipochungulia, mama alikuwa ameketi kando na mikono yake iko mapajani. Aliyekuwa akipiga ni mtoto.

Nikafanya nini? Nikatoa simu, nikaanza kurekodi. Mazoea yana tabu. Alipoiona simu, akaacha.

Ile ilikuwa dalili ya kwanza, na sikuielewa.

Shuleni mwalimu wake akamchagua katika kikundi cha ngoma cha madarasa ya chini. Mnajua jinsi mambo haya yanavyokwenda: mchango wa mavazi, mchango wa nauli, mchango wa chakula cha siku ya mashindano. Nililipa yote, tena kwa wakati, na nikajihesabu kuwa nimetimiza wajibu. Mke wangu alimshonea hando kwa mikono yake. Mazoezi yalikuwa kila jioni baada ya masomo kwa zaidi ya mwezi. Mimi sikuhudhuria hata siku moja. Ofisi yangu iko mwendo wa dakika kumi kutoka shuleni.

Siku ya mashindano ikafika. Hawe alikuwa aje, lakini palitokea msiba kwa jirani yake na hakuweza kuondoka. Usiku ule alizungumza na mjukuu wake kwa simu. Mimi sikujua walizungumza nini.

Ukumbi ulijaa. Mimi, kwa kazi yangu, najua kupata nafasi: nikapenya mpaka mbele kabisa, nikainua simu kwa mikono miwili. Kikundi kikaingia. Ngoma zikaanza, waimbaji wakaitikia, na kayamba ya mtoto wangu ikaingia mahali pake. Kwenye kioo cha simu nilimwona akigeuza kichwa kulia, kisha kushoto, kisha kutazama mbele moja kwa moja, kwangu. Nikafurahi, nikasema moyoni: picha nzuri hii. Halafu mikono yake ikasimama. Wenzake wakaendelea, yeye akabaki ameshika kayamba kifuani, haipigi wala haiachi. Mwalimu akamfanyia ishara kwa pembeni. Hakuona. Wimbo ukaisha yeye akiwa amesimama hivyo hivyo, na simu yangu bado inarekodi.

Tukarudi kwa tuktuk. Njia nzima hakusema. Tulipokaribia nyumbani ndipo akaniambia, na sauti yake haikuwa ya kulalamika: "Hawe aliniambia nikiogopa nimwangalie baba. Nikakutafuta, nikaona simu."

Ningeweza kuishia hapo, lakini kuna kosa jingine kubwa zaidi, na nimeahidi kusema yote. Kabla hata hatujapanda tuktuk, nilikuwa nimeshaituma ile video kwenye kundi la familia la WhatsApp. Sikuwa na nia mbaya. Niliandika tu kwamba binti yetu leo amepanda jukwaani. Watu wakajibu kwa vikaragosi vya kucheka. Jumapili, binamu zake wakubwa walipokuja, mmoja wao akamwigiza: akashika sahani kifuani akasimama kama sanamu. Watoto wote wakacheka. Binti yangu aliondoka sebuleni polepole, akaenda kuichukua kayamba ndogo aliyokuwa ametengenezewa na Hawe, akaiweka chini ya kitanda, pamoja na kinanda changu cha plastiki.

Hakuigusa kwa muda wa miezi mitatu.

Wazazi wenzangu, niruhusuni niache kidogo habari za nyumbani kwangu niseme kwa nini jambo hili linahusu kaunti nzima, maana mtu anaweza kuuliza: ni kayamba tu, kuna nini?

Mwaka 2008 makaya matakatifu ya Wamijikenda yaliingizwa katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia. Mwaka uliofuata, 2009, mila na desturi zinazoambatana na makaya hayo ziliingizwa katika orodha nyingine, ile ya urithi usioshikika unaohitaji kulindwa kwa dharura. Zingatieni neno dharura. Msitu unaweza kuwekewa walinzi na ua. Wimbo hauwekewi ua. Mahali pekee pa kuuhifadhi ni ndani ya mtu, na mtu huyo lazima apokee akiwa mdogo kutoka kwa mtu aliye mzee, wakiwa wameketi pamoja. Mtoto mmoja akiacha, uzi mmoja umekatika.

Nguvu ya ngoma katika historia yetu mnaijua. Mekatilili wa Menza alipowaamsha Wagiriama dhidi ya ukoloni mwaka 1913, aliwavuta watu kwa kifudu. Watu walikuja kwa ajili ya ngoma wakapata ujumbe. Serikali ya kikoloni ilikuwa na bunduki, yeye alikuwa na ngoma na maneno, na ikabidi wamkamate na kumpeleka mbali na nyumbani.

Na kwa wale wanaosema muziki hauna faida, wanaweza kumtazama Fundi Konde, mwana wa Pwani hii, mmoja wa waliotangulia kulifanya gita lizungumze Kiswahili katika Kenya, na aliyepitia jeshi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia akiwatumbuiza askari. Au Them Mushrooms, waliorekodi Jambo Bwana mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ingieni hoteli yoyote ya Malindi au Watamu leo jioni, mtausikia wimbo huo au ndugu yake. Watu wanalipwa mshahara kwa kuupiga. Hao wote walianza kama watoto wanaopiga kelele uani mwa mtu.

Katiba ya mwaka 2010 nayo imetuwekea jukumu. Kifungu cha 11 kinautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa. Jedwali la Nne linaikabidhi serikali ya kaunti elimu ya chekechea na shughuli za utamaduni. Mambo haya mawili yamewekwa katika mkono mmoja, na mimi naona ni kwa heri, kwa sababu mtoto wa miaka minne au mitano anajifunza karibu kila kitu kwa kuimba: namba, siku za juma, majina ya viungo, hata kunawa mikono. Mtaala wa umilisi ulioanza kutumika kote nchini mwaka 2019 umeipa sanaa nafasi darasani. Na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990, unasema katika Kifungu cha 31 kwamba mtoto ana haki ya kupumzika, kucheza, na kushiriki katika utamaduni na sanaa. Ni haki. Mtoto haipewi kama zawadi ya kufanya vyema katika hesabu.

Najua wako wazazi hapa ambao wasiwasi wao ni mwingine. Wameniambia kabla hatujaanza: "Afisa, muziki ndio unaowaharibu watoto wetu. Tazama disko matanga." Wasiwasi huo ni wa haki. Disko matanga zimepigwa marufuku, na sababu tunazijua. Tumewaona wasichana wetu walioacha shule. Lakini tujiulize kwa utulivu kilichokuwa kikiwadhuru. Ni usiku wa manane, pombe, giza, na watoto waliokuwa huko bila mzazi. Muziki ulikuwapo, mzazi hakuwapo. Katika mwanzele wa zamani au gonda, wazee walikuwa pale pale, wamekaa kwenye viti vyao vya miguu mitatu, wanatazama. Kijana alicheza mbele ya macho ya shangazi zake. Tukimnyima mtoto muziki wa mchana wenye watu wazima, hatujamwondoa kwenye muziki. Tumemwachia ule wa usiku.

Sasa nirudi nyumbani.

Jambo la kwanza nililofanya lilikuwa kuomba radhi. Hatukulelewa hivyo, wengi wetu. Baba haombi radhi kwa mtoto wa miaka saba. Nilipiga magoti ili macho yetu yalingane, nikamwambia: nilikosa, ulinihitaji na mimi nilikuwa nyuma ya simu; tena nilituma video yako bila kukuuliza. Akaniuliza swali moja tu: "Bado iko?" Nikaifuta mbele yake. Kisha nikampigia simu kila mtu wa lile kundi, mmoja mmoja, wajomba na mashangazi, nikiwaomba waifute. Wengine walinicheka. Wakafuta.

Na hapa niwape habari ya kisheria, kwa kuwa ni kazi yangu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka taarifa za mtoto zitumike kwa idhini ya mzazi au mlezi na kwa namna inayolinda maslahi ya mtoto mwenyewe. Shule au ofisi, ikiwamo ofisi yetu, haiwezi kuchukua picha ya mwanao na kuitumia itakavyo. Una haki ya kukataa. Lakini tangu mwaka jana nimejiongezea sharti langu ambalo halimo katika sheria: namuuliza na mtoto. Huwa nachuchumaa, nauliza, "Nikupige picha?" Wengi hukubali. Akikataa, naondoka.

Jambo la pili sikulifanya mimi. Hawe hakusema neno lolote kuhusu mashindano. Hakumwambia mtoto ajikaze, hakumwambia asijali. Tulipofika Marafa alitandika mkeka, akachukua ungo, akaanza kupepeta. Mtoto aliketi mbali. Safari iliyofuata aliketi karibu. Safari nyingine akachukua ungo wa pili. Nilikuwa chini ya mwembe ule ule, ila kipakatalishi nilikuwa nimekiacha Malindi. Sikuwa na la kufanya ila kusikiliza, na kwa mara ya kwanza nikasikia alichokuwa akifundisha mama tangu mwanzo. Ungo na kayamba ni pigo moja: unarusha, unangoja, unapokea. Kule kungoja ndiko muziki wenyewe. Mtoto mwenye hofu hawezi kungoja, mikono yake hukimbia au husimama.

Muhula wa tatu ulipoanza, asubuhi moja kabla ya shule, nilisikia mbegu zikiteleza chumbani kwake. Kidogo tu, kama mara kumi, kisha kimya. Nilikuwa nafunga kamba za viatu. Sikwenda kuchungulia. Mke wangu alinitazama, nikamtazama, tukaendelea na chai.

Siku ya wazazi, mwisho wa muhula, mwalimu alitangaza kwamba kikundi cha ngoma kitacheza, na kwamba binti yetu ameomba mwenyewe kurudi. Hawe alikuja, amevaa leso mpya. Mimi nilimpa mke wangu simu yangu, akaitia mkobani na kufunga zipu. Nikakaa safu ya pili, mikono mitupu. Nawaambia, sikujua niipeleke wapi mikono hiyo.

Wakaingia. Kayamba ikaanza. Akageuza kichwa kulia, kushoto, akafika kwangu, na safari hii akakuta uso. Sikutabasamu sana, nilihofia nitamchekesha. Nilimtazama tu. Katikati ya wimbo kijana wa ngoma ndogo alipotea, mapigo yakavurugika, na wale wadogo wakaanza kutazamana. Nikaona mikono ya binti yangu ikipunguza mwendo. Moyo ulinipasuka. Nikasema, imekuwa tena. Lakini alikuwa anangoja. Aliziacha mbegu zifike, akazirudisha. Akaziacha zifike, akazirudisha. Yule kijana wa ngoma akamsikia, akamfuata, na wimbo ukasimama tena kwa miguu yake.

Hakukuwa na kombe siku hiyo, wala waamuzi. Wimbo ulipoisha Hawe alinyanyuka, akaenda taratibu mpaka pale mbele, akavua leso yake ya juu akamfunga mjukuu wake kiunoni. Mnajua maana yake. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Siku zote nilidhani methali hiyo inasifu watu wa nyumbani kwa ukarimu wao wa kutunza. Siku ile niliisikia kama sharti. Ili mchezaji atunzwe kwao, lazima hao wa kwao wawepo, na wawe wanatazama.

Kwa hivyo, wazazi wenzangu, kabla msimu haujapamba moto, naomba tukubaliane mambo machache.

La kwanza, hudhuria mazoezi angalau mara moja kwa juma, hata kwa robo saa. Simama mlangoni. Mtoto akuone. Akina baba, hapa nasema nasi hasa. Nimehesabu vichwa tangu nianze kuzungumza, na tuko wachache.

La pili, mtoto akirudi kutoka mashindanoni, usianze kwa kuuliza amekuwa nambari ngapi. Mashindano ya muziki ya Kenya yamekuwapo tangu mwaka 1927, na kutoka zoni hadi kaunti ndogo, kaunti, kanda na taifa, shule nyingi zaidi hurudi nyumbani bila kombe kuliko zinazorudi nalo. Muulize, "Ulisikia nini leo?" Atakusimulia ngoma ya shule ya Lamu au ya Tana River kama mtu aliyetoka safari ndefu.

La tatu, usimlinganishe na mtoto wa jirani, na usimfokee mwamuzi mbele yake. Nimepiga picha mashindano mengi kwa kazi yangu. Nimewaona watoto waliokubali matokeo vizuri kabisa mpaka mzazi alipoanza kupiga kelele.

La nne, simu. Ukitaka picha, piga moja kabla hawajaanza au baada ya kumaliza. Wimbo ukiwa unaendelea, simu mfukoni. Na usitume kitu cha mtoto mahali popote kabla hujamwonyesha na kumuuliza.

La tano, usisubiri pesa. Kayamba, makofi, kopo na kijiti vinatosha kuanzia. Kama una mzee nyumbani anayejua wimbo, unaye mwalimu bora kuliko wa kulipwa. Mpeleke mtoto akakae naye sasa, wakati wote wawili wapo. Ila angalizo moja la afya: baadhi ya mafundi hutia ndani ya kayamba mbegu za mturituri, zile nyekundu zenye doa jeusi. Mbegu hizo zina sumu kali zikitafunwa. Kayamba ikipasuka, okota mbegu zote mara moja, na usimwachie mtoto mdogo azichezee. Akizila, mkimbize kituo cha afya bila kungoja dalili.

La sita, ukiona kikundi cha shule yenu kinahitaji mwalimu wa ngoma za asili au wazee wa kusaidia, ulizeni katika ofisi ya utamaduni ya kaunti ndogo yenu. Milango iko wazi saa za kazi, na kuuliza hakulipiwi.

Namalizia. Kwenye meza yangu ya kazi nina maelfu ya picha za watoto wa Kilifi wakiimba na kucheza: Ganze, Rabai, Kaloleni, Magarini, kila mahali. Picha ya binti yangu akipiga kayamba siku ile ya wazazi sina. Hakuna aliye nayo katika familia yetu. Mtu akiniuliza ilikuwaje, nakaa chini namsimulia, kama nilivyowasimulia nyinyi.

Mwaka huu ameomba kushiriki tena. Mazoezi yanaanza leo saa kumi jioni, na sasa ni saa tisa unusu. Mtaniwia radhi, sitabaki kwa soda.